Tulivyopika Tena Uji wa Fedha Kinoru

Siku mliyoniaga kiwandani mlinipa kipaza sauti, nikakirudisha. Haikuwa maringo. Mtu aliyefanya kazi gizani miaka mingi kama mimi huzoea kuongea na watu asiowaona, na siku hiyo nyuso zenu zote tisa zilikuwa zinanitazama juu ya keki. Kendi akasema, "Basi Mama Mwaniki, ukifika nyumbani utuandikie." Nimefika Kianjokoma, nimepalilia maharagwe, nimetengeneza banda la kuku, visingizio vimeisha. Naandika.

Mishahara na vyeo nitaviruka. Vyeo nilipata viwili tu, na cha pili fundi wa mabango alikiandika vibaya mlangoni, nikakiacha hivyo hivyo.

Nilifika Kinoru nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne bila mpango wowote. Shangazi yangu aliyeolewa Meru ndiye aliyesikia kwamba kiwanda cha filamu, kile cha nyuma ya uwanja wa mpira, kinatafuta wasichana wenye mikono mitulivu. Jengo mnalijua. Lilikuwa vile vile, refu, la mawe, bila dirisha hata moja, ila siku hizo paa lilikuwa halivuji. Watu wa Kinoru walikiita Gizani. "Unafanya wapi?" "Gizani." Mama yangu alipoambiwa hivyo alitaka nirudi nyumbani kesho yake.

Wakati huo kila soko kutoka Isiolo hadi Embu lilikuwa na studio ya picha: pazia lililochorwa ndege au maporomoko ya maji, kiti kimoja kizuri, kitana cha kuazima. Studio hizo zote zilikula filamu yetu nyeusi na nyeupe. Na filamu, kwa mgeni atakayesoma hii, ni plastiki nyembamba iliyopakwa utando unaoshika mwanga. Huo utando sisi tuliuita uji, na kweli unafanana na uji: jelatini inayotoka kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, maji ya moto, chumvi mbili tatu, na madini ya fedha yaliyoyeyushwa. Ukiwaambia watu unapika uji wa fedha wanakuomba mkopo.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Kaimenyi. Hakuwa mzee, alikuwa hajafika hata miaka arobaini, lakini alitembea kama aliyezeeka akiwa shule ya msingi. Aliniita Embu kwa sababu nimetoka Embu. Taabu ni kwamba Meru nzima, mtu akitaka kusema "hebu", husema "embu". Akisema, "Embu lete ndoo," sikujua kama ananiita au anamwambia mwingine. Nilibeba ndoo nyingi zisizonihusu.

Siku ya kwanza aliniingiza kwenye chumba cha kupakia uji kwenye plastiki, akafunga mlango, akanionyesha kigoda kwa kunisukuma. Giza la mle si kama la usiku. Usiku kuna nyota, kuna mwanya chini ya mlango. Mle unainua mkono mbele ya uso na mkono haupo.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Sisikii kitu."

"Basi kaa."

Akaondoka. Nilikaa asubuhi nzima nikidhani nimeajiriwa na mwendawazimu. Karibu saa sita nikaanza kutofautisha: feni ile kubwa, feni ndogo, maji kwenye bomba la ukutani, na mashine yenyewe, ndefu kama basi, ikizungusha roli zake za chuma taratibu. Kati ya roli hizo moja ilikuwa inalia kidogo, kama kifaranga. Aliporudi nilimwambia. Akaisimamisha mashine, akapapasa, akapata beringi iliyokauka. Hakunisifu. Alisema tu kwamba roli hulia kwanza, halafu ndiyo hukwaruza, na atakayesubiri mkwaruzo amechelewa. Hadi leo naona hilo ndilo somo zima la kazi yetu.

Kwenye kupika tulikuwa na taa nyekundu, hafifu. Fedha ilimiminwa kwenye jelatini kwa uzi mwembamba, bila kuongeza wala kupunguza kasi, na saa haikuonekana vizuri, kwa hiyo tulipima kwa wimbo wa kanisani. Beti nne, polepole. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyeimba kwa haraka zake, akatuharibia sufuria nzima. Mchanga wa fedha ulikuwa mkubwa kama semolina. Baada ya hapo Mzee Kaimenyi aliwasaili wapishi wapya kwa kuwaimbisha.

Fedha hiyo ikigusa ngozi huioni. Ukitoka juani vidole vinageuka vyeusi, na sabuni haisaidii. Nilipoenda nyumbani Krismasi ya kwanza, mama alinitazama mikono kanisani akaninong'oneza, "Kwani huko mnamenya ndizi mbichi?" Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nitawaambia kesi moja ngumu ya miaka hiyo kisha nisonge mbele. Mwaka wangu wa tatu au wa nne, miezi ya ukavu, mpiga picha wa Chuka alitujia na picha ya maharusi. Juu ya kichwa cha bwana harusi kulikuwa na mti mweupe wenye matawi, kama radi inayompiga. Jamaa za bibi harusi walikuwa wameanza kusema mambo. Tukafungua filamu nyingine za kundi hilo, miti tele. Tukabadilisha maji, tukapika upya, miti ikabaki.

Siku moja nilikuwa nakunjua roli la filamu gizani kwa mkono, haraka haraka kwa sababu chai ilikuwa imeitwa, nikaona cheche ya buluu. Ndogo sana. Gizani, mwanga ni habari mbaya. Nikakunjua polepole, hakuna. Haraka, cheche. Hewa ilikuwa kavu mno na plastiki ilikuwa inajisugua na kuzaa umeme, ule ule unaofanya sweta ilie ukiivua. Kila cheche ilijipiga picha yenyewe. Tulitundika magunia yaliyoloweshwa kando ya kuta na tukapunguza mwendo wa mashine. Miti ikaisha. Mzee Kaimenyi aliandika kwenye daftari lake: "Magunia. Embu." Sijui kama ni jina langu au alikuwa anajiambia hebu.

Halafu simu zikaja. Mnajua hiyo hadithi, mlizaliwa ndani yake. Studio zilifungwa moja baada ya nyingine. Pazia la ndege likawa la kufunikia mahindi. Tulipaka mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha mwenye kiwanda akatuita uani. Siku ya mwisho Mzee Kaimenyi aliosha masufuria yote, akayapanga kwa ukubwa, akayafunika. Walionunua vyuma chakavu walibeba kila kilichobebeka. Mashine ya kupaka ilibaki kwa sababu moja tu: ilikuwa imeingizwa kabla ukuta wa mbele haujajengwa, na haikuweza kupita mlangoni.

Mimi nilirudi Kianjokoma nikapata kazi kituo cha kununulia majani chai. Kazi nzuri, yenye jua. Nilipima vikapu vya watu kwa miaka, watoto wakasoma, vidole vikawa rangi ya kawaida.

Alhamisi moja, foleni ikiwa ndefu, mwanamke aliyevaa buti za mvua alinijia na kisanduku kidogo cha karatasi mkononi. Kilikuwa chetu. Nilikijua kabla sijasoma maandishi.

"Wewe ndiye Wawira wa Gizani?"

Huyo ndiye Makena mnayemjua. Alikuwa mpiga picha wa harusi, mzaliwa wa Meru, na alipenda kupiga kwa filamu. Filamu aliyoagiza ng'ambo ilimfikia imechelewa au haikumfikia. Alikuwa amekodi jengo la Kinoru. Mwenye jengo alikuwa amempa hadi mwisho wa mvua ndefu. Baada ya hapo, kama hakuna kazi inayoonekana, angeng'oa mashine vipande vipande na kuweka ghala la avokado.

"Filamu ya nani?" nikamuuliza. "Hata wachunga mbuzi wana simu yenye kamera."

"Vijana wanaitaka. Wako Nairobi, wako Kampala, wako mbali zaidi. Wanaitafuta hawaipati."

"Na wakichoka nayo?"

"Wakichoka, watakuwa wamechoka. Mama, sijasema itadumu. Nimekuja kukuomba tuanze."

Mkulima mmoja nyuma yake akauliza kama majani yake yatanyauka hapo. Nikampimia. Nikapima kikapu kingine, na kingine. Makena hakusogea. Mvua ikaanza kunyesha akabaki pale pale, akakifunika kile kisanduku kwa koti, si kichwa chake. Nikamwambia anipe hadi mwisho wa mwezi.

Kendi, nilipofika Kinoru wewe nilikukuta tayari. Ulikuwa umeacha kufundisha kemia shule ya kutwa na ulikuwa umekaa sakafuni na daftari la Mzee Kaimenyi, ambalo Makena alilipata kwenye droo, ukiwa na uso wa mtu anayesahihisha mtihani mbaya.

"Mama Mwaniki, hapa ameandika 'moto wa kiasi'. Ni digrii ngapi?"

"Ni ule ambao ukiweka mkono kwenye sufuria unatamani kuutoa lakini huutoi."

Ukaniangalia. Ukaenda ukanunua kipimajoto. Ukaweka mkono wako kwenye sufuria, ukaweka kipimajoto, ukaandika. Hapo ndipo nilipojua tutaelewana.

Mutwiri, fundi wa mitambo, alikuwa ameacha gereji yake Makutano kuja kuifufua mashine. Aliifungua roli kwa roli, akazichonga upya beringi zisizouzwa tena popote duniani. Siku ilipozunguka mara ya kwanza nilizima taa nikakaa kwenye kigoda nikasikiliza hadi mchana. Haikulia popote. Nilitoka nikampa mkono. Mutwiri si mtu wa maneno. Aliniuliza kama kuna chai.

Basi tukapika. Daftari tulilifuata neno kwa neno, fedha nzuri, jelatini mpya iliyokuja kwa magunia meupe safi. Tulipaka kipande kifupi tukakitia kwenye kamera. Nilimpiga Kendi picha saa sita mchana mbele ya lango, jua likichoma. Tuliposafisha picha, hakukuwa na Kendi. Kulikuwa na kivuli cha lango, kwa shida, kama kumbukumbu ya mtu mgonjwa. Filamu ilikuwa kipofu.

Tukapika mara ya pili, ya tatu. Kipofu. Plastiki ya kupaka ilikuwa roli manne tu, na avokado zilikuwa zinakaribia.

Nilienda kwa Mzee Kaimenyi. Anakaa juu, karibu na msitu, na ng'ombe wawili wa maziwa. Nilimkuta anakata nyasi za ng'ombe kwa mashine ya mkono, na sasa alikuwa mzee kweli. Hakuacha kukata.

"Embu. Umerudi kule?"

"Nimerudi. Uji haushiki mwanga, Mzee. Ni nini hakikuandikwa kwenye daftari?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua ana kinyongo na kiwanda, nilijua atanizungusha, nilikuwa nimebeba sukari na majani chai ya kumlainisha. Aliisimamisha mashine, akapangusa mikono.

"Hakuna," akasema.

"Mzee, tafadhali."

"Nakuambia ukweli. Hakuna kitu nilificha. Mimi nilipika vile nilivyoonyeshwa, ikashika. Kwa nini ilishika, sikuwahi kujua. Nilikuwa naogopa mtu akiniuliza." Akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka yote hiyo mlikuwa mnaniita mpishi mkuu."

Nilikaa naye hadi ng'ombe wakamaliza kula. Kabla sijaondoka alisema jambo moja zaidi, akiwa hata haoni kama ni kubwa: kwamba jelatini ya zamani ilikuwa na rangi ya manjano na ilinuka, kila gunia harufu yake, na gunia lililonuka vizuri ndilo lililotoa filamu kali.

Nilimpigia Kendi nikiwa njiani. Nikamweleza ya yale magunia.

"Ilinuka namna gani?"

"Kama yai. Kama kitunguu."

"Salfa," akasema. "Mama, jelatini yetu ni safi mno. Ile ya kale ilikuwa na uchafu, na uchafu ndio uliokuwa unafanya kazi."

Sasa, kuna chumvi yenye salfa ambayo kila mpiga picha wa zamani anaijua, ile ya kukazia picha isiharibike. Kwa Kiingereza ina jina refu. Kwenye studio zetu iliitwa haipo. Kilichokuwa hakipo kwenye uji wetu kilikuwa ni haipo. Kendi aliniomba nisirudie mzaha huo, lakini sasa nimestaafu.

Hatukuwa na plastiki ya kuchezea, kwa hiyo tulienda kwa fundi wa vioo mjini tukanunua vipande vya dirisha vilivyobaki. Kendi aliyeyusha haipo kidogo sana kwenye ndoo ya maji, akatoa tone, akaliyeyusha tena. Tulipaka uji juu ya vioo kwa mkono, kioo cha tone moja, matone mawili, matano, kila kimoja kimeandikwa nyuma. Matone mengi yalitupa kioo cheusi tititi hata bila kuona jua. Machache, kipofu. Tulipitia vioo kwa wiki tatu. Nilikatwa vidole, Kendi alikatwa vidole, Mutwiri akatulainishia kingo kwa tupa bila kuombwa. Kioo ambacho hatimaye kilimwonyesha Kendi amesimama langoni, na meno, na vifungo vya koti, mpaka leo kiko kwenye ofisi ndogo ya uani. Tuliziba nacho dirisha. Halikuwa na kioo.

Tukapaka roli zima. Makena alisimama nje ya mlango akitembea huku na huku. Nilimsikia kutoka ndani nikamtuma mtu amwambie avue buti. Filamu ya kwanza tulimpelekea Njagi wa Karurumo, mzee ambaye hakuwahi kufunga studio yake hata wateja walipoisha, na ambaye hajui kusema uongo kuhusu picha. Alimpiga picha mkewe akichambua maharagwe mlangoni. Alisafisha mwenyewe, akatundika, akaitazama ikiwa bado mbichi.

"Kijivu chake kizuri," akasema. "Kizito kidogo kwenye kivuli. Lakini huyu ni yeye."

Mkewe akatazama akasema amezeeka. Njagi akasema hilo si kosa la filamu.

Makena alimpiga picha pia mwenye jengo. Alitaka nakala tatu, za yeye na ng'ombe wake, akatuongezea msimu.

Sasa nafika sehemu ambayo huenda mlidhani nitairuka.

Roli la pili tulilipaka likiwa limeshaagizwa na watu. Lilitoka na madoa. Vijiduara vidogo visivyo na uji, vyeupe, kama macho ya samaki, vingine usoni mwa mtu, vingine angani. Mnakumbuka mkutano ule. Wengine walisema tukate sehemu nzuri tuuze, vijana hupenda kasoro. Makena alisikiliza wote. Kisha akasema, "Mtu atampiga picha bibi harusi mara moja tu maishani. Tundu likiwa kwenye jicho lake, hatarudi kwetu, na atakuwa na haki." Akalichukua roli mwenyewe akalifungua juani. Lilikuwa roli la tatu kati ya manne, tukihesabu lile la majaribio.

Madoa ya aina hiyo ni mafuta. Nilijua hivyo, niliwafundisha wote hivyo: hakuna kupaka mafuta ya ngozi, hakuna mafuta ya nywele, mnawa kwa sabuni ya kipande. Mafuta kwenye mashine yalikuwa ya mtu mmoja. Kila mtu alimgeukia Mutwiri. Alifungua beringi zote akazisafisha kwa spiriti. Tukapaka kipande cha majaribio, madoa. Akafungua tena. Madoa. Makena aliniambia pembeni kwamba huenda tutafute fundi mwingine, na mimi sikumtetea. Nataka hilo liandikwe. Nilisema, "Tuone wiki hii."

Wiki hiyo nilichukua kipande kirefu cha filamu yenye madoa nikakitandaza kwenye meza, nikapima umbali wa doa hadi doa kwa uzi. Umbali ulikuwa ule ule, tena na tena. Nilienda kwenye mashine nikazungushia uzi kila roli. Ulilingana na roli ya tatu. Roli ya tatu, mnapoingiza plastiki mwanzo wa kazi, hushikwa kwa vidole gizani ili plastiki isipinde. Haishikwi na fundi. Ilishikwa na mtu mmoja tu, tangu nikiwa msichana.

Nilivua glavu zangu za pamba nikazinusa.

Mikono yangu ilikuwa imeanza kukaza tangu mvua zianze. Asubuhi vidole havikukunjika. Nilikuwa na dawa ya kuchua, ile ya kopo la kijani inayouzwa kila duka, na niliipaka saa kumi na moja asubuhi, nikanawa, nikavaa glavu, nikajiambia hayo si mafuta, ni dawa. Nilijua. Si kwamba sikujua; nilijua na nikajiambia kitu kingine, kwa sababu bila ile dawa nisingeweza kuingiza plastiki, na kama siwezi kuingiza plastiki, nafanya nini Kinoru?

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Niwe mkweli, nilifikiria kuzifua zile glavu na kunyamaza. Madoa yangeisha, na Mutwiri angeondoka, na watu wangesema fundi mpya ni mzuri.

Nilitoka nikawaita wote uani. Niliwaambia kwa maneno machache. Niliweka glavu juu ya meza, na kopo kando yake.

Makena alitazama chini. Kendi alifunika mdomo. Mutwiri alinitazama mimi, moja kwa moja, kwa muda ambao sikuupenda.

"Mama," akasema. "Wiki mbili."

"Najua, Mutwiri. Pole. Nimekukosea."

Alizichukua zile glavu kwa ncha za vidole, akazitupa kwenye pipa la moto, akaingia ndani kusafisha roli ya tatu. Kulikuwa na siku kadhaa hakunisalimia, nami sikumlazimisha. Kisha asubuhi moja nilikuta ameniwekea mto kwenye kigoda changu. Mgongo wangu pia si mzuri, na alikuwa ameona.

Hapo ndipo nilipoamua kuondoka. Msidhani ni aibu. Aibu ilikuwepo, lakini aibu ningeizoea. Ni kwamba mikono yangu ilihitaji dawa na filamu haikuitaka dawa, na kati ya mikono na filamu, ni filamu tu iliyokuwa na mtu wa kuirithi. Nilimwambia Makena anipe mwezi mmoja.

Mwezi huo nilimfundisha Kendi kuingiza plastiki. Kwanza taa zikiwaka, kisha macho yakiwa yamefungwa kwa leso, kisha gizani kabisa, mimi nimesimama nyuma yake nimeshika mikono yangu mgongoni nisije nikasaidia. Alipindisha mara nyingi. Alilia mara moja, akakasirika kwamba nimemsikia. Nilimwambia gizani kila kitu husikika, ndiyo ubaya wake.

"Sasa nitajuaje imekaa sawa?" akauliza.

"Kidole cha kati. Kingo zote mbili zinakigusa sawasawa. Ukisikia upande mmoja tu, rudi mwanzo."

"Nimerudi mwanzo mara kumi."

"Basi hii ni ya kumi na moja."

Roli la nne, la mwisho, mlilipaka bila mimi. Nilikaa nje, mgongo ukutani, siku ya mechi, uwanja ukipiga kelele upande wa pili. Niliwahi kuwaambia tusipake siku za mechi kwa sababu ya vumbi. Makena akasema hatuna siku nyingine, na akamwagia barabara yote maji tangu alfajiri. Sikusikia mashine kwa sababu ya mashabiki. Mlitoka saa nane, Kendi mbele, nywele zimelowa jasho, nikafikiri limeharibika. Ilibidi lisubiri kukauka. Kesho yake Mutwiri ndiye aliyenijia na kipande, akakishika juu ya taa, nikakikagua kwa kioo cha kukuzia kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikikagua mara mbili. Kilikuwa safi.

Hiyo ndiyo filamu mliyowatumia wateja, na barua zao mlinisomea. Mmoja alisema ina chembe nyingi za fedha, mwingine alisema anapenda chembe, wa tatu aliuliza kama tutaendelea kuwepo mwaka ujao, na Makena akamjibu kwamba hata yeye angependa kujua.

Wiki iliyopita Kendi alinipigia nikiwa shambani. Aliniambia yule aliyetuuzia plastiki kwa mafungu madogo ameacha kuuza, na anayefuata hauzi chini ya shehena nzima. Katika fungu lake la mwisho yamebaki roli mawili tu, na Makena yuko Nairobi anabisha hodi milangoni. Aliyasema yote kwa pumzi moja.

"Sasa mtafanya nini?" nikamuuliza.

"Sasa? Jumatatu tunapaka moja."